Karatasi ya Saba

Karani Mulei alilipuliza faili, na vumbi lote la miaka thelathini na mitano likamwendea Mathenge usoni. Hakusema pole. Alilitua mezani, akalipiga kofi mgongoni, kisha akarudi kwenye kiti chake kuendelea na gazeti. Mathenge alizijua tabia za ofisi za serikali. Alikuwa amezifanya mwenyewe miaka ishirini na minane, mpaka walipomstaafisha na cheo cha sajini wa upelelezi na maumivu ya kiuno.

Ilikuwa Jumatano, mjini Kitui, mwaka wa themanini na sita, na Mathenge alikuwa na siku nne tu. Jumapili, katika kanisa dogo la Mtito Andei, mtoto wa miezi miwili angebebwa mbele ya waumini na kuwekwa wakfu, na mpaka Jumatano hiyo mtoto huyo hakuwa na jina. Nyumbani walimwita Mtoto, basi.

Mamake aliitwa Syombua, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa amekuja Alhamisi iliyotangulia katika hoteli ya Wanjiro, mkewe Mathenge, pale kando ya barabara ya Mombasa, akaketi meza ya mwisho na kitoto mgongoni, akaagiza chai asiyoigusa. Mtito Andei nzima ilijua kwamba mume wa Wanjiro, yule Mkikuyu mkimya anayeandika tarehe hata kwenye karatasi za kufungia sukari, hutafuta watu. Alishatafuta madereva waliopotea, waume waliopotea, na mara moja ng'ombe. Syombua alitaka amtafutie baba.

Maneno yake yalikuwa hivi. Kwao Wakamba, na kwao akina Mathenge pia, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babake mume, na wa pili jina la babake mke. Wa kwanza alikuwa Kilonzo, na jina lake halikuwa na maneno. Huyu wa pili ilikuwa zamu ya babake Syombua, Musembi wa Kiema wa Ikutha, askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, aliyefia Burma. Ndivyo mamake, Kalekye, alivyomwambia tangu utotoni, na hakuongeza neno. Kalekye alikuwa amefariki mwaka juzi. Juzijuzi Syombua alifungua sanduku lake kutafuta shuka la kumbebea mtoto, akakuta kadi ya mjane wa askari, yenye namba na muhuri. Kadi ilisema Musembi alikufa vitani Oktoba 1944. Syombua alizaliwa Januari 1951.

"Mimi nafundisha hesabu, Mzee," alisema. "Hii nimeitoa kila njia. Haitoki."

Mathenge alimuuliza kama kuna shamba ndani ya mambo haya. Lazima uulize, na mara nyingi ndio mwisho wa uchunguzi. Syombua akatikisa kichwa. Hakutaka shamba, hakutaka kitu.

"Nataka kujua nimpe mtoto jina la nani. Nikisimama kanisani niseme Musembi, na Musembi hakuwa babangu, si nitakuwa nimemdanganya huyu siku yake ya kwanza mbele ya Mungu?"

Halafu akalia, taratibu, bila kelele, na Wanjiro akatoka jikoni kumbebea mtoto. Usiku huo Wanjiro alimwambia mumewe kwamba asipolimaliza jambo hilo kabla ya Jumapili, asithubutu kuuliza chai yake iko wapi. Ndipo Mathenge akapanda basi la Kitui.

Sasa faili lilikuwa mbele yake. Kwa kweli lilikuwa la pili. Mulei alikuwa amemletea kwanza faili la Musembi wa Kiema mwingine, mtu wa Mwingi, aliyerudi kutoka vitani bila mkono wa kushoto na kupokea pensheni yake mpaka mwaka wa sitini na tisa. Kwa muda wa nusu saa Mathenge alikuwa mtu mwenye furaha. Majina mawili yanayofanana, karani mmoja mchovu, tarehe ya mmoja ikaandikwa kwenye kadi ya mwingine: kesi ngapi zilimalizika hivyo? Kisha akalinganisha namba za uaskari, tarakimu moja moja, kwa ncha ya kalamu. Hazikufanana hata kidogo. Huyo wa Mwingi alikuwa na wake wawili na watoto tisa, wote wameandikwa, na hakuna aliyetajwa kuwa wa Ikutha. Mathenge alilirudisha faili hilo kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakushiba.

Faili la kweli lilikuwa jembamba. Kila karatasi ilikuwa na namba ya wino mwekundu pembeni, na kwenye jalada la ndani kulikuwa na orodha ya karatasi zote kwa mwandiko wa kale, wa kujipinda. Mathenge alitoa daftari lake, akapiga mstari katikati, akaanza kuandika tarehe kwenye safu moja kama alivyofanya maisha yake yote.

Karatasi ya kwanza: Musembi wa Kiema anaandikishwa, 1941, hana mke. Ya pili na ya nne zilikuwa hesabu za mshahara tu. Ya tatu: warithi wake, jina moja tu, mamake, Syombua, mjane wa Kiema. Mathenge alisimama hapo kidogo, akalipigia jina hilo mstari. Ya tano: taarifa ya kifo, Oktoba 1944, imethibitishwa na afisa na askari aliyekuwepo, Nzomo. Ya sita: vitu vya marehemu vimekabidhiwa mamake, blanketi, wembe, kisu, barua moja. Ya nane: Machi 1951, mama wa marehemu amekuja ofisini, akaweka kidole gumba, akaomba aandikwe mke wa mwanawe, Kalekye, aliyeolewa 1949, na mtoto wa mwanawe, msichana, Syombua. Shahidi, Nzomo. Muhuri wa chifu. Kila kitu kimekubaliwa.

Hebu rudi nyuma kidogo. Kuna ya sita, kuna ya nane. Ya saba ilikuwa wapi?

Aliitafuta kwenye orodha ya jalada. Ilikuwa imeandikwa wazi: ya saba, barua ya marehemu kwa mamake, imeletwa na mama kama ushahidi, imerudishwa kwake, Machi 1951, mbele ya Nzomo.

Mathenge alimwita Mulei, akamgeuzia faili. Alimuuliza kwa upole, sauti ile aliyokuwa akiitumia zamani kwa wezi wa kuku, kama yeye, akiwa karani na Mkamba wa hapa Kitui, haoni tatizo lolote kwenye karatasi hizi. Mulei alisoma yote kuanzia juu hadi chini. Alisoma vizuri, hata midomo ilikuwa ikicheza. Kisha akamrudishia.

"Faili iko sawa," alisema.

"Mtu amekufa arobaini na nne, ameoa arobaini na tisa, na faili iko sawa?"

Mulei alikunja gazeti lake. Kwenye ukuta nyuma yake palikuwa na kalenda ya kanisa, naye mwenyewe alikuwa na beji ya mzee wa kanisa kwenye koti. Alisema kwamba chifu alipiga muhuri, na kama chifu alipiga muhuri basi iko sawa, na kwamba ofisi inafungwa saa saba kwa chakula. Mathenge aliandika kwenye daftari: karani mvivu. Baadaye alikuja kuikata kwa kalamu sentensi hiyo, na ninamshukuru kwa hilo, maana si kila polisi hukata.

Alipokuwa akingoja basi la Ikutha alizipanga dhana zake. Karani wa zamani amekosea mwaka wa kifo? Hapana, afisa na askari aliyekuwepo wote walithibitisha. Musembi hakufa, alitoroka jeshi akajificha? Mtu anayejificha hampeleki mamake ofisi ya serikali kumwandikisha mke. Basi ni udanganyifu: huyu Nzomo alirudi kutoka vitani, akapata mtoto na Kalekye, wakamtumia bibi kizee asiyejua kusoma ili mtoto apate jina la shujaa. Hiyo ilikaa vizuri. Ilikaa vizuri mno, na kulikuwa na kitu kimoja kilichoikwaruza: jina. Msichana aliitwa Syombua, jina la mama wa marehemu. Bibi kizee hakudanganywa. Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, akampa yule mtoto jina lake mwenyewe. Kwa nini mama aliyemlilia mwanawe miaka saba afanye hivyo?

Alhamisi saa tano asubuhi alimpata Nzomo. Haikuwa kazi. Uliza Ikutha yote fundi wa nguo aliyepigana vita, utaelekezwa kwenye duka lenye cherehani barazani. Alikuwa mzee mwembamba, futi ya kupimia imening'inia shingoni, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa akishona sare za shule. Nyuma yake, ukutani, katika joto lile la Ikutha ambalo hata mbuzi hulala kivulini, palining'inia koti zito la jeshi, la baridi. Mathenge aliliangalia kwa sababu aliangalia kila kitu. Lilikuwa la kale, limepauka, lakini uzi wa bitana yake upande wa kushoto ulikuwa mweusi na mpya. Aliyaweka hayo moyoni, akakaa.

Walisalimiana vizuri. Nzomo aliagiza chai. Mathenge alieleza ni nani aliyemtuma, na mzee aliposikia jina la Syombua mguu wake uliacha kukanyaga cherehani. Aliuliza kama yuko mzima. Aliuliza ana watoto wangapi. Aliposikia kuna kitoto cha miezi miwili aliondoa miwani akaifuta kwa sare ya mtoto wa watu.

Kisha Mathenge akafungua daftari.

"Mzee, Musembi alikufa lini?"

"Arobaini na nne. Mwezi ya kumi. Mimi nilichimba kaburi na mkono yangu."

Aliendelea mwenyewe, bila kusukumwa. Alisimulia mvua ya huko, matope ya kufika magotini, na jinsi risasi ilivyompata Musembi wakivuka mto. Alisema kilichomuumiza zaidi si kaburi. Ni asubuhi yake, koplo alipoita majina. Kila mtu aliitika. Alipofika kwa Musembi wa Kiema, kimya. Koplo akaita tena, kana kwamba Musembi amechelewa kuamka tu. Halafu akapiga mstari kwenye karatasi na kuendelea na jina lililofuata. Nzomo alisema sauti ile ya kimya bado huisikia, miaka arobaini na miwili sasa.

Mathenge aliandika mwezi na mwaka.

"Na Musembi alioa lini?"

"Arobaini na tisa. Baada ya mavuno."

Alijibu bila kupepesa, kama unavyomwambia mtu soko ni Jumanne. Mathenge aliuliza tena kwa njia nyingine: huyu Kalekye alikuwa mke wa nani? Wa Musembi. Aliolewa na nani? Na Musembi. Nani alipeleka mbuzi kwao? Mamake Musembi, nani mwingine angepeleka? Mathenge alikuwa amehoji watu kwa miaka ishirini na minane, na alikuwa amezoea watu wanaodanganya vibaya, na wachache wanaodanganya vizuri. Huyu hakuwa anadanganya hata kidogo, na hilo ndilo lililompandisha hasira. Akafanya kosa. Aliinama mbele, akamuuliza Nzomo kama yeye ndiye baba wa yule msichana.

Nzomo hakupaza sauti. Alichukua kikombe cha Mathenge, ambacho kilikuwa nusu, akakimwaga nje.

"Wewe ni mgeni, kwa hivyo nitakusamehe," alisema. "Hiyo kitu kwetu haiulizwi. Baba yake ni Musembi."

"Basi nionyeshe karatasi ya saba."

"Hiyo karatasi si yangu na si yako. Mama ya Musembi alinipatia kabla hajakufa. Akasema, mpe huyo mtoto siku atakuja kuuliza mwenyewe. Wewe si huyo mtoto."

Akarudi kwenye sare zake, na cherehani ikaanza kulia tena. Mazungumzo yalikuwa yameisha, na kosa lilikuwa la Mathenge, alilijua.

Alikwenda akakaa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, kiuno kikimuuma, akaliweka daftari mbele yake. Safu moja ya tarehe. Ukiwaamini watu wote, yaani aliyeandika faili, chifu, bibi kizee, karani Mulei na fundi Nzomo, basi mtu alikufa mwaka wa arobaini na nne akaoa mwaka wa arobaini na tisa. Mathenge alikuwa na sheria moja aliyofundishwa na mkubwa wake wa kwanza: watu watano wakikwambia jambo moja la kipuuzi, usiwachunguze wao, chunguza upuuzi wako. Alikuwa ameisahau. Hakuna mahali popote alipouliza swali lililo wazi kabisa, kwa sababu alikuwa amelijibu mwenyewe tangu Mtito Andei.

Mwenye kibanda, mama mmoja mnene aliyekuwa akikaanga mandazi, alikuja kumwongezea chai.

"Mama," Mathenge alisema, "hapa kwenu, mtu anaweza kuoa akiwa ameshakufa?"

Alitegemea kuchekwa. Mama wa mandazi alifikiri kidogo, sufuria mkononi.

"Kama mama yake yuko hai, kwa nini asioe?"

Akamweleza, huku akigeuza mandazi, na huku akishangaa kwamba mtu mzima namna hii hajui. Kijana akifa hajaoa, jina lake linalala chini. Wazazi wakiwa na moyo na mbuzi, wanamwolea. Msichana anakuja katika nyumba ya yule kijana, ni mke wake, watu wote wanajua. Watoto atakaowazaa ni watoto wa yule kijana, wanalisimamisha jina lake. Nani alikuja nyumbani usiku? Mama wa mandazi akacheka, akasema hilo hata majirani waliofunguliwa mdomo na Shetani hawaliulizi. Siku hizi kanisa halipendi, akaongeza, kwa hivyo watu wananyamaza. Shangazi yake mwenyewe aliolewa hivyo. Alikuwa na nyumba nzuri kuliko wengi walioolewa na walio hai.

Mathenge aliweka kalamu chini. Aliona aibu, na aliona furaha, vyote pamoja, na sijui kipi kilikuwa kikubwa. Alimwona Mulei na beji yake ya kanisa: mtu aliyejua kila kitu, aliyekuwa anaulizwa na polisi kuhusu mke wa jirani, na akachagua kusema faili iko sawa. Na ilikuwa sawa. Hapo ndipo alipoikata ile sentensi.

Kabla ya kupanda basi alirudi kwa Nzomo, akasimama barazani kofia mkononi, akaomba radhi kwa maneno machache. Nzomo alimwambia amlete mwenye karatasi.

Jumamosi walifika watatu: Mathenge, Syombua, na Mtoto kwenye shuka la Kalekye. Usiku wa Ijumaa, mezani kwa Wanjiro, Mathenge alikuwa amemweleza Syombua yote aliyoyajua. Syombua alisikiliza kama anasahihisha hesabu ya mtu mwingine. Mwisho alisema kwamba sasa anaelewa bibi yake alifanya nini, lakini haelewi kama Musembi anahusika. Bibi alitaka jina la mwanawe lisimame. Sawa. Lakini maiti haitaki kitu. Mtu aliyelala Burma tangu arobaini na nne hakumjua, hakumwomba, hakumngoja. Unaweza kumwita mtu huyo baba? Mathenge alimwambia tu waende Ikutha kesho yake.

Nzomo alikuwa amevaa shati jeupe. Syombua alipopanda baraza mzee alisimama wima, akamshika mikono yote miwili, akamwita mwaitu, yaani mama. Si kwa utani. Jina alilobeba lilikuwa la mama wa rafiki yake, na kwa jina hilo yeye alikuwa mama yao wote. Syombua hakuwa ameitwa hivyo na mtu mzima tangu azaliwe.

Alimuuliza kwa nini mamake hakumwambia. Nzomo alisema Kalekye aliokoka mwaka wa hamsini na tano, akahamia Mtito Andei, na huko mhubiri akamwambia mwanamke aliyeolewa na marehemu hajaolewa. Hakubishana naye. Alirudi Ikutha mara moja tu, kumzika mama mkwe wake.

"Lakini hajawahi kukudanganya," Nzomo alisema. "Alikwambia baba yako ni nani, alikwambia alikufa wapi. Alinyamaza tu ile ya katikati. Na nilikuwa nataka kuja, mwaitu, lakini niliambiwa ningoje uulize."

Syombua alifungua mdomo kuuliza jambo jingine. Mathenge alijua ni lipi, na Nzomo alijua pia, maana alikaa sawasawa kwenye kigoda, kama mtu anayejiandaa kubeba gunia. Syombua alimtazama mzee yule, akamtazama mtoto, akaufunga mdomo.

"Siku nyingine," alisema. "Nipe barua kwanza."

Nzomo aliliteremsha lile koti la jeshi ukutani. Alilitandika juu ya cherehani, upande wa kushoto juu, akachukua wembe na kuanza kufumua bitana, mshono mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kuuchana uzi hata mara moja. Alieleza kwamba kila mwaka huifumua, huikagua kama panya hawajaingia, na kuishona tena. Mathenge alitabasamu peke yake. Uzi mpya alikuwa ameuona siku ile, na kazi aliyokosa kuifanya ilikuwa kuuliza vizuri tu. Ndani ya bitana mlikuwa na kitambaa cha mpira, na ndani ya kitambaa karatasi iliyokunjwa mara nne. Pembeni, kwa wino mwekundu uliofifia, namba saba.

"Yeye alisema, mimi niliandika," Nzomo alisema. "Musembi hakujua kalamu. Ilikuwa wiki mbili kabla ya ule mto."

Syombua aliisoma kwa sauti, kwa sababu ni mwalimu, na kwa sababu hangeiamini kama angeisoma kimya. Ilikuwa kwa Kiswahili cha jeshi, kile cha kambini.

"Kwa mama yangu Syombua, bibi ya Kiema, Ikutha. Jambo mama. Mimi iko mzima, Nzomo iko mzima. Huku mvua ni mingi, ukiona utacheka. Mama, kama mimi nakufa huku, hapana kaa na kulia tu. Mbuzi yangu iko kwa mjomba, wacha izae. Ikitosha, tafuta msichana, mtu ya kucheka, lete nyumba yangu."

Hapo alisimama. Kalekye alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka hadi wazee wa kanisa wakamwonya. Syombua alifuta macho kwa kiganja, akaendelea.

"Mtoto yake ni mtoto yangu. Kama ni kijana ita Kiema. Kama ni msichana ita Syombua, jina yako, kwa sababu wewe umefanya kazi mingi. Mimi hapana taona yeye. Lakini ambia yeye mimi najua atakuja. Ambia yeye baba anasema jambo. Ni mimi mtoto yako, Musembi."

Barua iliandikwa Septemba 1944. Mathenge, kwa mazoea tu, alitoa daftari kuandika tarehe hiyo kwenye safu yake, juu ya kifo, juu ya ndoa, juu ya kuzaliwa. Safu ilikuwa imekamilika, na kwa mara ya kwanza ilisomeka kutoka juu kwenda chini. Akagundua haoni vizuri anachoandika, akalifunga.

"Alinipa jina," Syombua alisema. "Miaka sita kabla. Akiwa kwenye matope."

"Alitaka sana uwe msichana," Nzomo alisema. "Niliandika kijana tu, akanigombeza."

Barabarani watu walikuwa wakipita kwenda sokoni na kuwaangalia. Kitoto kikaamka mgongoni, kikaanza kulalamika, na Syombua akalifungua shuka, akamleta mbele na kumweka wima mapajani. Nzomo alimwangalia mtoto. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, kama kesho kanisani ataitwa nani.

Syombua alimgeuza mtoto amtazame mzee. Mzee akaelewa. Aliinuka kwenye kigoda, akaivua ile futi shingoni na kuiweka juu ya koti, akasimama mikono ubavuni, kisigino kwa kisigino, kifua mbele. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mzee wa miaka sitini na sita.

"Musembi wa Kiema!"

Mtoto alishtuka, akanyamaza. Baraza lote lilinyamaza. Nzomo alingoja, macho mbele, na Mathenge aliona kwamba alikuwa anajiandaa kuita mara ya pili.

Syombua alimnyanyua mwanawe juu, mbele ya mzee.

"Yuko," alisema.